NSE 20: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Fahirisi ya Kampuni Kubwa za Nairobi

Kila siku ya kazi, ikifika saa tisa alasiri, soko la hisa la Nairobi (Nairobi Securities Exchange, kwa kifupi NSE) hufungwa na namba moja hutangazwa: NSE 20. Redio huisoma, magazeti huichapisha, na kwenye makundi ya WhatsApp ubishi huanza, huyu akisema soko limepanda, yule akisema limeanguka. Maswali yaliyokusanywa hapa ndiyo yanayorudiwarudiwa na watu wanaotaka kununua hisa, waliokwisha kununua, na wanaotaka tu kujua namba hiyo inasema nini. Yalikusudiwa kwenda kutoka mepesi hadi magumu, ingawa mpango huo haukufuatwa sana.

Fahirisi ni kitu gani, na NSE 20 ni ipi?

Fahirisi ya hisa ni namba inayofuatilia bei za hisa nyingi kwa pamoja. NSE 20 hufuatilia kampuni 20 kati ya sitini hivi zilizoorodheshwa Nairobi. Ilianzishwa 1964, na msingi wake ni mwaka wa 1966, uliopewa pointi 100. Ukiambiwa iko kwenye pointi 2,000, maana yake ni kwamba bei za kampuni hizo, kwa kanuni yake ya hesabu, ni mara 20 ya zilivyokuwa 1966. Pointi si shilingi. Na hayo maneno "kwa kanuni yake ya hesabu" yashike vizuri, maana karibu kila mkanganyiko kuhusu NSE 20 unatokana nayo.

Soko lenyewe lilianzaje?

Hisa zilikuwa zikiuzwa Nairobi tangu miaka ya 1920, bila kanuni wala jengo, watu wakikubaliana bei kwa mdomo na kuaminiana. Mwaka 1951 Francis Drummond alifungua kampuni ya kwanza ya udalali wa hisa, akamwendea Waziri wa Fedha wa wakati huo, Sir Ernest Vasey, na wazo la kuwa na soko rasmi. Mwaka 1954 soko likasajiliwa kama chama cha hiari cha madalali. Kwa miaka mingi biashara ilihusishwa na baa ya hoteli ya Stanley katikati ya mji, ambayo mpaka leo inaitwa Exchange Bar. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua wala kuuza hisa hadi uhuru ulipopatikana.

Soko hilo halikuwa la Kenya peke yake. Kampuni za Tanganyika na Uganda nazo zilipitia Nairobi kutafuta mtaji, mpaka Azimio la Arusha la 1967 na utaifishaji uliofuata ulipobadilisha mambo. Msimamizi wa serikali, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, alikuja baada ya sheria ya 1989. Akaunti za kielektroniki za kuhifadhi hisa, zile zinazojulikana kama CDS, zilianza 2004, na mauziano kwa kompyuta 2006. Kabla ya hapo mwenye hisa alikuwa na cheti cha karatasi kabatini, na wapo wazee ambao bado wanavyo.

Kampuni gani zimo?

Majina yaliyokaa humo kwa miaka ni kama Safaricom, KCB, Equity, Co-operative Bank, Standard Chartered, Absa (iliyokuwa Barclays), East African Breweries, BAT, KenGen na Kenya Power. Orodha hupitiwa na kubadilishwa, kwa hiyo usiikariri. Itazame kwenye tovuti ya soko kabla ya kuitegemea.

Zinachaguliwa vipi? Ni zile 20 kubwa kuliko zote?

Si hivyo hasa. Kampuni hupimwa kwa mwenendo wake sokoni katika miezi 12. Thamani ya kampuni nzima sokoni huchukua asilimia 40 ya alama, wingi wa hisa zilizouzwa asilimia 30, idadi ya mauziano asilimia 20, na thamani ya mauziano asilimia 10. Pia inatarajiwa iwe imeorodheshwa Nairobi kwanza kabla ya kwingine, na iwe na rekodi nzuri ya faida na gawio (sehemu ya faida inayolipwa wenye hisa).

Tazama hiyo asilimia 30 ya wingi wa hisa. Hisa ya shilingi 2 huuzwa kwa mamilioni bila jasho, wakati hisa ya shilingi 400 inaweza kuuzwa elfu chache tu ingawa kampuni yake ni imara zaidi. Ndiyo maana kumewahi kuwa na kampuni humo ambazo mtu mwenye akili timamu asingeziita kubwa. Zilikuwa na shughuli nyingi tu, na nyingi ya shughuli hizo zilikuwa za watu wanaozikimbia.

Hesabu yenyewe inapigwaje?

Hapa ndipo penye utamu. Kuna njia kuu tatu za kutengeneza fahirisi.

Ya kwanza ni kujumlisha bei na kugawanya. Dow Jones ya Marekani, yenye kampuni 30, bado inatumia njia hiyo. Hisa yenye bei kubwa ndiyo yenye sauti, hata kama kampuni yake ni ndogo kuliko nyingine.

Ya pili ni kupima kila kampuni kwa thamani yake yote sokoni, yaani bei mara idadi ya hisa. Kampuni kubwa huvuta sana, ndogo haisikiki. FTSE 100 ya London iko hivyo, na fahirisi nyingine ya Nairobi, NASI, iko hivyo.

NSE 20 inatumia ya tatu, wastani wa kijiometri. Bei za kampuni zote 20 huzidishwa pamoja, kisha hutafutwa kipeuo cha 20 cha jibu, yaani namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 20 hutoa jibu hilo. Ni mtindo wa zamani. Fahirisi ya FT 30 ya London iliyoanza 1935 nayo ilipigwa hivyo hivyo. Tafsiri yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba kila kampuni ina kura moja, na kura hiyo huhesabiwa kwa asilimia ya badiliko la bei, si kwa shilingi.

Tuchukue mfano. Fahirisi iko 2,000. Safaricom iko shilingi 30 na leo inapanda asilimia 10, yaani shilingi 3. Safaricom ina hisa bilioni 40, kwa hiyo thamani yake imeongezeka kwa shilingi bilioni 120 kwa siku moja. NSE 20 inasogea kwa asilimia 0.48 tu, pointi kama 10. Sasa chukua kampuni nyingine kati ya hizo 20, tuseme ina hisa milioni 500 na hisa moja inauzwa senti 50. Leo inashuka hadi senti 45. Thamani iliyopotea ni shilingi milioni 25. Lakini senti 5 hizo ni asilimia 10, na NSE 20 inapoteza pointi kama 10 na nusu. Mlima umefutwa na kichuguu, na mtangazaji wa jioni atasema soko limeshuka kidogo.

Ndiyo maana siku nyingine NSE 20 inashuka na NASI inapanda?

Ndiyo, na hakuna aliyekosea.

NASI ilianzishwa 2008, na Januari 1 ya mwaka huo ndiyo msingi wake wa 100. Inahesabu kampuni zote sokoni kwa uzito wa thamani. Miezi michache baadaye, Juni 2008, Safaricom ikaorodheshwa baada ya serikali kuuza robo ya kampuni kwa shilingi 5 kwa hisa na kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 50. Wananchi walipanga foleni kwenye benki na kwa madalali, wengine kwa pesa za mkopo. Baadaye hisa ikashuka chini ya bei iliyouziwa na kukaa huko miaka. Wengi waliuza kwa hasara. Waliovumilia waliiona ikipita shilingi 40 mwaka 2021, halafu ikarudi chini ya 15 mwaka 2023.

Mwaka huo wa 2021 Safaricom peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote. Kwa hiyo NASI ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, bei ya Safaricom iliyovaa jina jingine. Safaricom ikipanda asilimia 10, NASI ingeruka asilimia 5 au 6 hata kama kampuni nyingine zote zimelala. NSE 20 ingetikisika kidogo tu.

Sasa ukiniuliza ipi ni ya kweli, jibu linategemea unachotaka kujua. Utajiri uliomo sokoni kwa jumla umeongezeka au umepungua? Soma NASI. Kampuni ya kawaida ya Nairobi, ukiiokota yoyote kati ya zile kubwa, inaendeleaje? Hapo NSE 20 ni mwaminifu zaidi. Mimi huzisoma zote mbili pamoja, na pengo kati yake ndilo huniambia mengi: NASI ikipaa huku NSE 20 ikijikokota, ujue ni kampuni mbili tatu zinazobeba wenzao.

NSE 25 na NSE 10 ni za nini tena?

NSE 25 ilikuja 2015 na NSE 10 ikaja 2023. Zilitengenezwa kwa ajili ya wawekezaji wakubwa wanaotaka fahirisi wanayoweza kuitumia kupima mifuko yao. Soko la mikataba ya baadaye (makubaliano ya leo ya kununua au kuuza kwa bei fulani siku za mbele) lililofunguliwa Nairobi Julai 2019 lilianza na mikataba ya NSE 25, si ya NSE 20. Kwa mwenye hisa mia mbili za KCB hazibadilishi kitu.

Mwaka 1994 NSE 20 ilifika 5,030. Miaka thelathini baadaye iko chini ya hapo. Pesa zimekwenda wapi?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na haki yake ni kujibiwa kwa kirefu.

Kwanza safari yenyewe. Tarehe 18 Februari 1994 NSE 20 ilifunga kwenye 5,030. IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia linalowekeza kwenye kampuni binafsi, liliitaja Nairobi kuwa soko lililofanya vizuri kuliko yote duniani, kwa faida ya asilimia 179 ikipimwa kwa dola. Kisha ikaanza kuporomoka polepole, na mwaka 2002 ilikuwa imebaki juu kidogo ya pointi 1,000. Uchaguzi wa Desemba 2002 ukaleta serikali ya Kibaki na matumaini mapya. Ndani ya mwaka mmoja fahirisi ikawa imejirudia maradufu. Mwaka 2006 KenGen iliuza hisa kwa shilingi 11.90 na bei ikapaa mara tu zilipoanza kuuzwa sokoni, na kila mtu, hadi aliyekuwa hajui dalali ni nani, akataka hisa. Tarehe 12 Januari 2007 NSE 20 ikafika 6,161, kilele ambacho hakikufikiwa tena kwa miaka mingi. Zikaja vurugu za baada ya uchaguzi, ukaja msukosuko wa fedha duniani, na Machi 2009 ikawa kwenye 2,360. Ikapanda tena na kuvuka 5,000 mapema 2015. Ikashuka tena, na kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 1,500. Mwaka 2024 na 2025 ikaanza kunyanyuka.

Sasa, je, aliyewekeza 1994 amekula hasara ya theluthi mbili? Si lazima. Hebu tupige hesabu. Tuseme kampuni 20, umeweka shilingi 1,000 kwa kila moja. Miaka inapita. Kampuni kumi zimepanda maradufu, kumi zimebaki na sehemu moja ya kumi ya bei ya awali. Mkononi una 20,000 kutoka kwa zilizopanda na 1,000 kutoka kwa zilizokufa, jumla 21,000. Umepata faida ya asilimia 5. Ingiza hesabu hiyo hiyo kwenye wastani wa kijiometri: fahirisi imeshuka kwa asilimia 55.

Sijakosea kuandika. Ndivyo kipeuo kinavyofanya kazi. Kampuni inayopanda haina mwisho wa kupanda, lakini mchango wake hupunguzwa makali. Kampuni inayokwenda sifuri huvuta zote. Kinadharia kampuni moja ikifika sifuri kamili fahirisi nzima huwa sifuri, kwa sababu chochote ukizidisha na sifuri ni sifuri. Ndiyo maana lazima mgonjwa atolewe orodhani mapema, na Nairobi wagonjwa wengine walikaa humo muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Haya hayafuti ukweli kwamba miaka mingi kati ya 2015 na 2023 ilikuwa mibaya kwa kila kipimo. Serikali ilikopa sana ndani ya nchi, na mwenye pesa akaona hakuna haja ya kuhangaika na hisa. Februari 2024 dhamana ya miundombinu (mkopo ambao serikali huchukua kwa wananchi na taasisi) ilitolewa kwa riba ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, tena bila kodi. Pesa zilizokwenda huko hazikwenda kununua hisa. Riba zilipoanza kushuka, pesa zikaanza kurudi sokoni.

Gawio limo ndani ya NSE 20?

Hapana. NSE 20 hufuata bei tu, na hili huwapotosha watu kuliko wanavyofikiri.

BAT kwa hesabu za 2023 ilitoa shilingi 50 kwa kila hisa, wakati hisa yenyewe ilikuwa ikiuzwa karibu shilingi 400. Hiyo ni zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka mmoja, kabla ya kodi, ambayo kwa mkazi wa Kenya ni asilimia 5 ya gawio. Fahirisi haikuona hata senti yake. Zaidi ya hapo, siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei hushuka, na NSE 20 hushuka nayo. Mwenye hisa hajapoteza kitu, gawio lake liko njiani kwenda benki, lakini namba ya jioni imeandika hasara. Kwenye msimu wa gawio, kati ya Machi na Juni hivi, usishtushwe na miteremko midogo ya benki kubwa kabla ya kuangalia tarehe za kufunga daftari, yaani siku ya kuhesabu nani ana haki ya gawio.

Hisa zikigawanywa, fahirisi inaanguka?

Haianguki. Mwaka 2007 KCB iligawanya kila hisa moja kuwa kumi, na bei ya hisa moja ikawa sehemu ya kumi ya ilivyokuwa. Wanaopiga hesabu hurekebisha bei ya nyuma ili mgawanyo kama huo usionekane kama anguko. Hisa za bonasi, zile za nyongeza wanazopewa wenye hisa bila malipo, nazo hurekebishwa vivyo hivyo.

Kampuni ikifilisika au ikinunuliwa na kuondoka sokoni?

Hutolewa, nyingine huingia, na hesabu huunganishwa ili namba isiruke siku ya mabadiliko. Lakini maumivu ya njiani hubaki ndani. Mumias Sugar iliorodheshwa 2001, ikawa kipenzi cha wakulima na wafanyakazi wa magharibi ya Kenya, na iliposimamishwa sokoni 2019 hisa yake ilikuwa imefika senti tu. Kenya Airways, iliyobinafsishwa 1996 kwa shangwe, hisa zake zilisimamishwa Julai 2020 na hazikurudi kuuzwa mpaka Januari 2025.

Kuna wanaoondoka kwa heri. KenolKobil ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa 2019 kwa shilingi 23 kwa hisa. Mwishoni mwa 2024 Amsons ya Tanzania ilinunua karibu hisa zote za Bamburi Cement kwa shilingi 65. Walioshika hisa hizo walicheka. Lakini kila kampuni nzuri inapoondoka, bwawa la kuchagulia hizo 20 huzidi kuwa dogo, na kampuni mpya zinazokuja kuorodheshwa ni chache mno. Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kubwa la NSE 20 leo, kubwa kuliko kanuni ya kipeuo.

Soko linaweza kufungwa kwa sababu ya fahirisi?

Limewahi. Tarehe 13 Machi 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, NSE 20 ilishuka kwa zaidi ya asilimia 5 na mauziano yakasimamishwa kwa siku hiyo. Hisa moja moja nazo zina kizuizi: kwa kawaida bei haiwezi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku.

Je, NSE 20 inaonyesha hali ya uchumi wa Kenya?

Kidogo. Imejaa benki, simu, bia, sigara na umeme. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia, fundi wa jua kali wa Gikomba, mwenye matatu, mvuvi wa Lamu, hawamo, na hao ndio Kenya yenyewe. Isitoshe, sehemu kubwa ya mauziano Nairobi hufanywa na wawekezaji wa nje. Benki Kuu ya Marekani ikipandisha riba, wao huuza Safaricom na Equity kurudisha dola kwao, hata kama mvua imenyesha vizuri na biashara zinakwenda.

Dar es Salaam kuna fahirisi kama hii?

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauziano Aprili 1998 kwa kampuni ya TOL, na linatoa fahirisi mbili ambazo Watanzania wengi huzichanganya. DSEI hubeba kampuni zote, pamoja na zile za Kenya zilizoorodheshwa huko pia, kama KCB na East African Breweries. TSI hubeba za Tanzania tu: CRDB, NMB, TBL, Twiga, TCC, Vodacom na wenzao. Matokeo yake DSEI inaweza kuyumba kwa jambo lililotokea Nairobi, au kwa sababu shilingi ya Kenya imebadilika dhidi ya ya Tanzania, wakati hakuna hata hisa moja ya Mtanzania iliyobadilika bei. Ukitaka kujua CRDB na wenzake wanaendaje, soma TSI. Zote mbili ni za uzito wa thamani, kwa hiyo usizilinganishe moja kwa moja na NSE 20.

Naweza kununua NSE 20 yenyewe?

Huwezi kununua namba. Kwa London au New York kuna mifuko ya bei nafuu inayofuata fahirisi na kuuzwa kama hisa. Kwa NSE 20 jambo hilo halijawa la kawaida. Unachoweza ni kununua kampuni zake wewe mwenyewe. Unafungua akaunti ya CDS kupitia dalali au benki yenye leseni, unaweka pesa, unatoa agizo. Zamani kima cha chini kilikuwa hisa 100, lakini tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja.

Usijaribu kununua zote 20 kwa mtaji mdogo. Ada za dalali na za soko kwa jumla hukaribia asilimia 2 unaponunua na karibu hivyo hivyo unapouza, na kila mabadiliko ya orodha yatakulazimisha kulipa tena. Kampuni tano sita za sekta tofauti, zinazotoa gawio, zitakupa sehemu kubwa ya unachotafuta. Na ukizichagua hizo, acha kujipima kwa NSE 20 kila jioni, kwa sababu ulichoshika si NSE 20.

Niko Muscat, nalipwa kwa riali. Fahirisi ikipanda asilimia 20 nami nimepata 20?

Kwa shilingi, ndiyo. Kwa riali, hesabu upya. Riali ya Oman imefungwa kwa dola, kama zilivyo fedha nyingi za Ghuba, kwa hiyo tazama shilingi dhidi ya dola. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160. Miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Aliyetuma pesa wakati dola iko 160 alinunua hisa nyingi, na shilingi ilipoimarika akapata faida ya pili juu ya ile ya bei. Aliyetuma 2021, dola ikiwa chini ya 115, alipitia kinyume chake: hisa zilishuka na shilingi ikashuka. Kumbuka pia kodi ya gawio kwa asiye mkazi ni asilimia 15, si 5.

Kuwekeza kwenye kampuni za NSE 20 ni halali kwa Mwislamu?

Fatwa ataitoa shekhe wako. Ninachoweza kusema ni kilichomo: ndani ya NSE 20 kuna benki zinazokopesha kwa riba, kuna pombe, kuna tumbaku. Kwa hiyo kuifuata fahirisi nzima ni kuingia huko kote. Wengi wa Mombasa na Zanzibar wanaojali hilo huchagua kampuni moja moja, wakiangalia biashara yake na kiasi cha deni lake la riba, kisha humwuliza mjuzi.

Kuna mtu Telegram anauza "NSE 20" na US30, anaahidi asilimia 30 kwa mwezi. Ni salama?

Hapana. US30 ni jina la kibiashara la Dow Jones kwenye majukwaa ya kubashiri bei, haina uhusiano wowote na Nairobi, na wengi wanaoicheza kwa mkopo wa jukwaa hupoteza. Asilimia 30 kwa mwezi haipo katika soko lolote la hisa. Kabla ya kumtumia mtu M-Pesa, tafuta jina la kampuni yake katika orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Hisa halali huonekana kwenye akaunti yako ya CDS kwa jina lako. Zisipoonekana huko huna hisa, hata kama umetumiwa cheti chenye rangi za kupendeza.

Namba ya leo naipata wapi na saa ngapi?

Soko hufunguliwa saa tatu asubuhi kwa maandalizi, mauziano huanza saa tatu na nusu, na hufungwa saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa isipokuwa sikukuu. Muda mfupi baada ya hapo soko hutoa karatasi ya bei yenye NSE 20, NASI na nyinginezo pamoja, na madalali wengi huituma bure kwa barua pepe kwa wateja wao. Unapoisoma, anzia kwenye safu ya idadi ya hisa zilizouzwa. Kampuni iliyopanda asilimia 9 kwa hisa 300 zilizouzwa siku nzima haijapanda. Mtu mmoja amenunua, basi.